Herufi I ya Marehemu Baba

Wenzangu wakifiwa na wazazi wanagombea kiwanja Chanika. Sisi baba katuachia hisa. Tumezikuta kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, pamoja na risiti ya redio. Hisa mia nne! Kumbe soko la hisa la hapa Dar lilipoanza biashara mwaka 1998, wanaume wakinunua mabati, mzee wangu akawa ananunua makaratasi.

Kikao cha ukoo kikakaa. Shangazi akauliza, "Hizo hisa ziko wapi tukazione?" Nikamwambia hisa hazionekani, shangazi. Akaniangalia jicho la kwamba nimeshaziuza. Baba mdogo akashauri tuzigawe palepale, kila mtu aondoke na zake, kama maembe. Na kwa mafungu ya dini yetu, baba kaacha watoto wa kiume, kwa hiyo dada yake hana fungu. Nani amwambie? Mimi nina watoto wadogo.

Wakanichagua niwe msimamizi wa mirathi, eti ndiye mwenye nafasi. Yaani sina kazi. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao, cheti cha kifo na fomu namba moja, ile ya maombi. Tangazo likabandikwa, siku zikaisha bila pingamizi (shangazi alikosa nauli), nikapewa fomu namba nne, ile ya kuniteua msimamizi. Siku hiyo mtaani nilitembea kama mheshimiwa.

Nikafika kwa dalali wa hisa. Dada wa dirishani akashika hati ya hisa mkono huu, cheti cha kifo mkono ule. Kimya.

"Kaka, huyu Ramadhani. Huyu Ramadhan."

"Mtu mmoja huyo, dada."

"Sasa i iko wapi?"

Nimjibu nini? Niende makaburini Kisutu nikamgongee?

Haya, Kariakoo kwa wakili, kiapo cha majina, muhuri, kopi, picha pasipoti mbili ambazo ndani nimenuna. Nauli ya Mbagala kwenda na kurudi nimeacha kuhesabu. Gawio, ile faida ya hisa ya mwaka mzima, lingeishia kwenye daladala.

Jana nimerudi na kiapo changu. Dada kakisoma, katabasamu, kaniomba kitambulisho. Kakiweka kando ya fomu namba nne.

"Kaka, marehemu sasa yuko sawa. Ila wewe jina la baba yako hapa lina i, hapa halina."