Tulikuja Kuona Ua

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na ugonjwa wa kazi yangu ni kwamba siwezi kupita mbele ya ukuta wa matofali mekundu bila kumweleza aliye karibu nami ukuta huo ulijengwa lini na kwa udongo gani. Mke wangu ameuzoea ugonjwa huo kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio. Kaka yake mkubwa, ambaye anaishi Likasi na ambaye maneno yake kwa siku huweza kuhesabiwa kwa vidole, alikuwa bado hajauzoea. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, majengo na bustani za zamani za mji wetu zitafunguliwa ili wananchi wazitazame bila malipo, kama Wafaransa wafanyavyo kila Septemba tangu mwaka 1984, nilimwita shemeji aje, nikamsisitizia avae vizuri, kwa sababu mtu haendi kuitazama historia akiwa na kandambili.

Alikuja na suti nyeusi. Mimi nilivaa ya kijivu pamoja na tai, na mke wangu akajifunga kitenge kipya chenye kilemba chake. Ninamwomba msomaji aitazame picha hiyo kwa makini: wanaume wawili wa makamo wenye suti, mwanamke mmoja mwenye kitenge cha sherehe, Jumamosi, saa nane za mchana. Mtu yeyote wa mji huu angejua tunakwenda kufanya nini. Sisi tu ndio hatukujua.

Asubuhi ilikuwa imepita salama. Tulianza na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tukaitazama sinagogi kwa nje, kisha tukafika kwenye jengo la tamthilia lililochorwa na Claude Strebelle katika miaka ya 1950, ambamo wabunge wa Katanga iliyojitenga na Kongo walikutana mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika makumbusho yaliyo jirani yake, shemeji alisimama mbele ya misalaba ya shaba, nami nikamweleza kwa muda wa dakika ishirini kwamba misalaba hiyo, inayoitwa pia handa, ilikuwa fedha ya nchi hii kabla ya faranga kuzaliwa, kwamba mingi imechimbuliwa katika makaburi ya kando ya Ziwa Kisale, na kwamba wazee wetu waliitoa hata kwa mahari. Aliposikia neno hilo la mwisho, shemeji alinitazama kwa namna ambayo sikuitafsiri vizuri. Nilidhani ni kiu ya elimu.

Kwa mchana tulikuwa na nyumba nne za watu binafsi. Kuhusu ya kwanza, kijikaratasi chetu kilisema: nyumba ya mwaka 1932, baraza pana, paa la mabati, na nyuma yake bugenvilia ya kale iliyopandwa na mwenyeji wa kwanza, geti la kijani. Mijakaranda ya barabara ile ilikuwa imeanza kutoa maua, joto lilikuwa kali, na geti la kijani lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na hema, na chini ya hema viti vyeupe vya plastiki vilivyopangwa safu mbili zikitazamana, na watu wapatao 30 waliovaa vizuri sana. Nilimnong'oneza shemeji kwamba hatimaye mji wetu umejifunza kupokea wageni.

Kijana mmoja alituzuia getini kwa adabu kubwa. "Karibuni, Baba," alisema, "lakini mnajua kwamba mlango haufunguki wenyewe."

Nilimjibu kwamba nimeambiwa kuingia ni bure. Akacheka hadi akashika geti, kisha akawageukia wenzake na kuwatangazia kwamba wageni wa leo ni watu wa mzaha. Sikutaka kubishana, maana ninafahamu gharama za kutunza mabati ya zamani. Nikatoa dola kumi, na nikaomba risiti. Hapo akinamama walipiga vigelegele. Katika maisha yangu yote ya kulipa viingilio sijawahi kupigiwa vigelegele, na ninakiri kwamba nilipendezwa.

Tuliketishwa safu ya mbele, mimi na shemeji katikati, mke wangu pembeni pamoja na wanawake. Bia baridi zililetwa. Mbele yetu aliketi mzee mwenye fimbo, ambaye nilimchukulia kuwa mwenye nyumba, akakohoa na kusema: "Wageni wetu, tumewaona. Sasa tuambieni, ni njia gani iliyowaleta hapa, na mnatafuta nini?"

Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti. "Mzee, sisi ni wapita njia tu. Tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna ua zuri, na tumekuja kuliona kwa macho yetu."

Mnong'ono wa kuridhika ulipita katika viti. Baadaye nilielezwa kwamba hakuna mshenga aliyewahi kuingia katika shughuli vizuri namna ile katika familia hiyo, na kwamba mzee mmoja alitokwa na machozi. Mimi niliona watu wanaopenda bustani yao, nikatiwa moyo. Niliongeza kwamba hata baraza yao, nilivyoiona tangu barabarani, ilikuwa bado imara licha ya umri wake mkubwa, na kwamba ni nguzo mbili tu zilizoanza kuinama. Wazee wawili waliokuwa kushoto kwa mwenye fimbo walijinyoosha haraka kwenye viti vyao.

Kisha, kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nilihutubu. Niliwakumbusha kwamba reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mji ukiwa mchanga na ukiitwa Élisabethville. Kwamba wajenzi walichimba vichuguu vya mchwa, wakachoma udongo wake uwe matofali. Na kwamba nyumba ambayo udongo wake ulisagwa na mchwa elfu na elfu, kila mmoja akileta punje yake, haibomolewi na mtu mmoja. Walipiga makofi. Mzee alipiga fimbo chini mara tatu, akasema kwamba kweli ndoa ni kichuguu. Sikuona uhusiano, lakini nilikubali kwa kichwa.

"Sasa, Mzee," nilisema, "ua lenyewe liko wapi?"

"Liko ndani. Linavalishwa."

Nilishangaa kidogo, nikakumbuka kwamba upepo wa Septemba una vumbi jingi na huenda wamelifunika. Nikauliza lina umri gani. Akajibu: miaka 26. Hapo mwalimu aliye ndani yangu hakuweza kunyamaza, nikamwambia kwamba kwa habari nilizo nazo mimi ni la mwaka 1932. Walicheka hadi viti vikalia. Nikauliza kama liliwahi kuhamishwa likapandwa kwingine. Shangazi mmoja mwenye mwili na sauti yake akasimama na kusema kwamba halijawahi kulala nje ya ua huu hata siku moja, kwamba limezaliwa hapa, limekulia hapa, na limesoma hapa hapa Lubumbashi hadi chuo kikuu. Mimi nilisikia "limesomwa", yaani kwamba wanafunzi wa mimea wa chuo kikuu chetu wameshalichunguza, na nikaona hilo ni jambo la kuigwa na wenye bustani wote.

Swali langu la mwisho lilikuwa la heshima tu. Nilitaka kujua kama watu wengi wameshakuja kulitazama.

"Ninyi ndio wa kwanza," alisema shangazi, akiwa bado amesimama.

"Basi tumebahatika," nikasema, "kwa maana kule kanisani tulikuta msururu."

Upande wa wanawake, mke wangu alikuwa akinikonyeza kwa macho yote mawili. Nilidhani ni vumbi lile lile.

Kijana wa getini akaniletea karatasi juu ya sinia iliyofunikwa kitambaa. Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa ndiyo desturi yangu: taa ya chemli moja, jembe moja, panga moja, magunia mawili ya chumvi, mablanketi mawili, masufuria sita, mbuzi watatu, vitenge vya mama, koti la baba. Nilitambua mara moja kwamba ni orodha ya vitu vya kale vilivyohifadhiwa katika nyumba hiyo. Mbuzi watatu walinitatiza, lakini nikasema moyoni kwamba bila shaka ni sanamu. Nilipotamka "koti la baba", shemeji alikohoa.

Ni lazima nieleze kikohozi hicho. Miaka 19 iliyopita, nilipomposa dada yake, shemeji huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao na ndiye aliyesoma orodha. Nililipa kila kitu isipokuwa koti la baba mkwe, ambalo niliahidi kulileta kabla ya mvua. Sikutaja mvua za mwaka gani.

"Je, vitu hivi vyote vipo?" nilimwuliza mzee.

"Mwanangu," alisema, "swali hilo ni mimi ninayekuuliza wewe."

Nilidhani anaujaribu ujuzi wangu. Nikamjibu kwamba orodha ni nzuri ila ina kasoro moja kubwa kwa nyumba yenye heshima katika Katanga, nayo ni kwamba haina misalaba ya shaba, ambayo ilipaswa kutangulia vyote, angalau mitano, na ya ukubwa unaofaa. Mzee alinitazama kwa mapenzi ya baba. Kisha akamgeukia kijana. "Andika," alisema.

Nikatazama saa yangu. Muda ulikuwa umekwenda, na shemeji alikuwa katika chupa ya pili. "Mzee," nilisema, "tunawashukuru kwa mapokezi. Kama inawezekana mtuoneshe sasa hivi, kwa sababu kabla ya jioni tunapaswa kuona mengine matatu."

Palikuwa kimya. Ninaposema kimya, ninamaanisha kwamba mtu angeweza kumsikia mbuzi akitafuna; na kweli mbuzi alisikika, ila alikuwa nje ya geti. Alifuatwa na wanaume watatu wenye suti, wanawake wawili wenye vitenge, na vijana waliobeba kreti za soda. Aliyetangulia alikuwa mtu mwembamba aliyelowa jasho, ambaye bila shaka alikuwa amerudia maneno yake njia nzima ndani ya teksi, kwa sababu aliyaachilia kabla hata hajaangalia nani ameketi wapi. "Wazee wetu," alisema, "tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna ua zuri..."

"Hilo tumeshalisikia!" alipiga kelele shangazi.

Yaliyofuata siyakumbuki kwa mfuatano, jambo ambalo ni aibu kwa mwalimu wa historia. Ninakumbuka mbuzi akiingia chini ya meza ya keki. Ninakumbuka mzee akiuliza, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele, kwamba sisi basi ni akina nani. Nami nikatoa kijikaratasi, naye akavaa miwani akakisoma chote kwa sauti, pamoja na mabati na bugenvilia. Bibi mmoja mkongwe wa nyuma kabisa ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikasambaa safu kwa safu hadi kikamfikia mzee mwenyewe, ambaye alilazimika kushikwa mabega. Kwa kelele hizo bibi harusi alitoka ndani, nusu amevaa kilemba, akauliza ni nani aliyesema kwamba yeye ni wa mwaka 1932.

Ilibaki kazi ya kutengua niliyoyafunga. Mshenga wa kweli alikataa kulipia mlango, akisema kwamba mlango uliokwisha kufunguliwa haufunguliwi tena, wenyeji wakajibu kwamba mlango ule ulifunguliwa kwa ajili ya historia, si kwa ajili ya ndoa, wakapatana nusu. Dola zangu kumi hazikurudi, na risiti sikupewa. Kisha mshenga akaipokea orodha, akasoma mstari wa mwisho, akauliza ni nani katika karne hii aliyeandika misalaba mitano ya shaba, na watu 30 wakaninyoshea kidole. Nilijitahidi kuitetea familia ya bwana harusi, nikaeleza kwamba makumbusho hayauzi. Mzee alifikiri, akasema haidhuru, mstari huo ubaki kama deni, kwa sababu mkwe asiye na deni hana sababu ya kurudi kusalimia.

Tulilazimishwa kula kabla ya kuondoka, bukari, yaani ugali, na samaki, na ni hapo nilipofahamu kwamba nyumba ya bugenvilia ilikuwa ng'ambo ya barabara, yenye geti la kijani vilevile, lililofungwa kwa sababu mlinzi wake alikuwa ameketi nasi chini ya hema tangu mwanzo na sasa alikuwa anaongeza mboga.

Katika teksi nilimwuliza shemeji alielewa lini.

"Getini," alisema.

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaeleza."

Tulipita chini ya mijakaranda. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, na nikatambua kwamba ilikuwa nakala ya orodha, ambayo sijui aliipataje. Akaikunjua gotini, akaweka kidole juu ya neno "koti", akatamka sentensi yake ndefu kuliko zote za siku ile.

"Mvua zinaanza Novemba, na Baba amezidi kunenepa, kwa hiyo kipimo cha wakati ule hakifai tena."

Mke wangu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tupande, aliinama mbele akamwambia dereva apitie kwanza soko la mtaa wa Kenya, ambako makoti huuzwa hadi giza liingie.