Tenganisha, Tenganisha, Mpaka Lini?

Hivi nani kawaroga watu na hii habari ya kutenganisha? Mtaani kwetu hapa Dar tumeambiwa mabaki ya chakula kiroba chake, plastiki kiroba chake, haya nikatii, viroba vya ziada nikanunua kwa hela yangu, gari la taka limekuja vijana wamevimwaga vyote pamoja wakashindilia na miguu. Namuuliza dogo mmoja kulikoni, ananiambia "mzee, gari si moja?" Nikanyamaza, ningejibu nini sasa.

Barabara ya mwendokasi nayo tangu mabasi yaanze 2016 ina njia yake peke yake, lakini nyie mashahidi, bodaboda wamo, wenye ving'ora wamo, majuzi nimeona na mkokoteni wa madafu, tena haukuwa na haraka.

Vitu visivyotakiwa kuachana ndo vinaachana bila hata kuombwa. Mama ntilie kaniwekea mchuzi wa samaki tui limekatika, mafuta juu maji chini, namlalamikia eti ndo ladha yenyewe hiyo. Na kwenye wali wa huohuo mchuzi mawe hayakutenganishwa kabisaa, jino langu linajua.

Mtoto karudi shule ananiambia baba, Afrika inapasuka kwenye Bonde la Ufa, sie wa mashariki tunasogea milimita chache kwa mwaka, huko mbele miaka mamilioni bahari inaweza kuingia katikati. Nikamwambia mwanangu angalau hao wanaachana kistaarabu, ila uliza kama na kiwanja changu cha Chanika kinasogea maana bado nakilipia.

Sasa wanaonimaliza ni majirani wa chumba cha pili, kila mwisho wa mwezi wanaachana, begi linafika getini linarudi. Safari hii wamefika mpaka baraza la usuluhishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida haikuachii ukurupuke tu mahakamani kudai talaka, baraza kwanza liwapatanishe likishindwa ndo mwende mbele. Haya wakapatanishwa, usiku huohuo wako ndani wanagawana vitu kwa sauti, tivii yangu, godoro langu, mume anasema hapana hiyo ni jasho letu sote, sie wapangaji macho kodo hatulali. Wakafika kwenye ekstensheni, kila mmoja anaapa kainunua yeye. Nikagonga ukuta, jamani hiyo ekstensheni yangu, niliwaazima tangu Ramadhani!