Mtaa uliopigwa X: Super 8 au simu?

Nyumba za kando ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, jijini Mbeya, zikishapigwa X kupisha upanuzi wa barabara kati ya Uyole na Ifisi, anayetaka kuuweka mtaa kwenye filamu ya majaribio hana muda wa kubishana. Ila ubishi upo, atumie simu au Super 8, kamera ya filamu ya milimita 8, na pande zote mbili zina hoja.

Kaseti ya Super 8 ina futi 50, fremu 3,600 tu. Uhaba huo ndio nguvu yake. Piga fremu moja kwa kila mlango, Mafiati hadi Kabwe, na barabara nzima itaenea kwenye kaseti moja. Simu nayo inaweza, lakini nani atahesabu milango huku memori ina nafasi?

Wanaoipinga Super 8 wanashika palipo dhaifu: haina sauti. Kaseti za sauti zilikoma 1997, na Mwanjelwa bila kelele za wapiga debe ni nusu mtaa. Filamu ya rangi nayo kwa kawaida hupelekwa nje ya nchi kusafishwa, yaani picha kutokezwa kwa dawa, na skana mpya za eksirei za CT za viwanja vya ndege huiharibu kabla haijafika.

Filamu ya nyeusi na nyeupe, kama Tri-X ya Kodak, huweza kusafishwa nyumbani: maji lita 1 ya nyuzi 20, soda ya kufulia kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kisha kahawa ya kuyeyuka gramu 40. Dakika 15 gizani, suuza, tia fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga. Robusta ya Bukoba hufanya kazi vizuri kuliko arabica. Kinachowaangusha wengi ni magadi ya sokoni wanayotia badala ya soda hiyo: yamechanganyika na bikaboneti, picha hutoka hafifu. Yakaange kwenye karai kavu kwa moto mkali ukikoroga, yapoe, ndipo upime, na uchuje mchanga.

Saa sita mchana mapaa ya bati huungua yakawa meupe matupu, maana lenzi haiwezi kujifunga vya kutosha. Weka kichujio cha kijivu cha ND8, kinachopunguza mwanga mara nane.

Wapo wanaosafishia kwenye ndoo makusudi, filamu igandane na kuota mabaka. Sawa, ni sanaa. Lakini baka likikaa juu ya uso wa mama mwenye kibanda, limekula picha pekee ya pale. Safisha vizuri na skani kwanza, mabaka na mikwaruzo baadaye.

Kwangu simu itangulie: wenyeji watembee wakitaja majina ya wenye nyumba. Super 8 ifuate, na kaseti ya kwanza isafishwe yote kabla ya kufungua ya pili, kwa sababu magadi ya kila gunia yana nguvu yake.