Chupa ya Leeds, Joto la Kisumu

Baridi ya Leeds, huku Uingereza, inaudhi kwa jambo moja ambalo watu hawalitaji: inaziba harufu. Jipulizie pafyumu ya M7 ya kwanza ya Yves Saint Laurent, ile ya 2002, mara 5, upite katikati ya watu, hakuna anayegeuka. Kisumu saa saba mchana mipulizo 2 yatosha, na matatu nzima ya Kondele imejua umepanda. Harufu huinuka na joto la ngozi, na joto sisi tunalo.

Najua mtakachosema. Ati mtu akikaa Uingereza kidogo, marashi ya kujaziwa mjini hayamtoshi tena. Jamani, sivyo. Anayengoja bale ifunguliwe Kibuye Jumapili, akachomoa kamera, yaani nguo bora kuliko zote, kabla jirani hajaiona, huyo tayari ana jicho la kazi hii ya kusaka pafyumu za zamani. Raha ni ile ile: kuvaa kitu ambacho hakitatengenezwa tena. Na mara nyingine hakiwezi kutengenezwa tena hata wenyewe wakitaka, kwa sababu malighafi yenyewe imepigwa marufuku. Lilial, kemikali iliyotoa harufu ya maua katika pafyumu nyingi, Ulaya iliifungia tarehe 1 Machi 2022. Halafu hiyo M7 imejengwa juu ya udi! Wazungu waliusifia kama jambo jipya, na bibi zetu wa Pwani walikuwa wakifukiza nguo zao kwa udi tangu zamani.

Huku chupa kama hizo hutokea kwenye maduka ya mitumba ya hisani, na nyingi bado nzima kwa sababu zilikaa miaka kwenye kabati baridi lenye giza. Angalia namba ndogo chini ya chupa: lazima ilingane na ya chini ya boksi. Soma na viambato. Boksi la Ulaya lisilotaja limonene wala linalool, ila alkoholi, maji na manukato tu, kwa kawaida ni la kabla ya 2005. Mipulizo 2 ya kwanza imwage kwenye tishu, maana kilicholala kwenye mrija ndicho huchacha mwanzo. Kisha pulizia mkono, ungoje nusu saa. Ndimu na machungwa hufa kwanza, kwa hiyo ukali wa mwanzo usikutishe. Ikiwa bado inanuka siki au dawa ya kutolea rangi ya kucha, iache. Rangi kuwa ya chai si kosa. Vanila hugeuza rangi yenyewe.

Sasa hapa ndipo nyumbani tunapokosea. Chupa ikifika salama, tunaipanga juu ya wall unit sebuleni, dirisha linalopigwa na jua la jioni liko hapo hapo, ili wageni waione. Chini ya mabati! Miezi michache tu, na harufu yake ya mwanzo yote imekwisha. Friji nayo, stima ikipotea na kurudi, inaipandisha na kuishusha joto, na hilo nalo huichosha. Iache ndani ya boksi lake, izungushie leso, iweke chini kabisa ya kabati, kwenye ukuta usiopigwa na jua. Nakuru kuna ubaridi wa kutosha, huko msiwe na wasiwasi sana.

Mtasema, "Basi tuitunze kwa ajili ya Krismasi." Hapana, tafadhali. Chupa iliyofika nusu ina hewa ndani, na hewa inaila hata ikiwa gizani. Ihamishie kwenye vichupa vya glasi vya mililita 10, uvijaze hadi shingoni, plastiki usiguse. Kimoja kikae kwenye mkoba. Jumatatu asubuhi, pulizia kifua mara 1 kabla ya kuvaa shati, na shingo ya nyuma mara 1.