Betri Ikijaa Saa Tano, Usikimbilie Kununua Nyingine

Mwenye sola akilalamika kwamba umeme haumtoshi, dukani hupewa jibu lile lile: ongeza betri. Mimi nasema kwanza aiangalie kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, saa sita mchana. Nyumba nyingi zinazotegemea jua peke yake zina umeme wa kutosha, ila unakuja saa ambayo hakuna anayeutumia.

Chukua mfumo wa kawaida tu: paneli nne za wati 300 na betri ya lithiamu ya volti 24, amp-saa 100. Betri hiyo inabeba uniti mbili na nusu hivi. Usiku mmewasha taa, televisheni na feni, hamkuimaliza. Kufika saa tano asubuhi imejaa tena. Hapo kontrola inapunguza kuvuta, na wati kwenye kioo zinashuka kutoka mia saba na kitu hadi arobaini au hamsini, za friji basi. Paneli hazijaharibika, wala umeme haujamwagika popote. Haukuzalishwa kwa sababu hakuna kilichouhitaji. Piga hesabu ya wati 700 kuanzia saa tano hadi saa tisa: uniti 2.8, zaidi ya betri nzima uliyoilipia fedha nyingi.

Kama huamini, subiri betri iandike asilimia mia, kisha washa birika dogo la wati 600. Wati za paneli zitapanda papo hapo, na mkondo wa betri utabaki karibu na sifuri.

Wamarekani wanaoishi ndani ya magari-nyumba, wale wanaoegesha jangwani Arizona upande wa Quartzsite majira ya baridi, hili wanalijua vizuri. Paa la gari ni dogo na betri zinataka nafasi. Kwa hiyo betri ikijaa wanaipumzisha gesi: friji inayotumia gesi na umeme wanaigeuzia umeme, na tangi la maji la lita 23 hivi wanalipasha kwa koili ya wati 1,400. Kuyatoa maji hayo nyuzi 25 hadi 60 kunakula chini kidogo ya uniti moja, na jioni bado yana moto wa kuogea. Kwa watu wa Njombe au Makete, kwenye baridi ile ya Julai, hiyo si anasa.

Kwangu mimi maji ya kisima yanatangulia. Kupandisha lita 2,000 mita 20 hadi kwenye simtanki, hata pampu ikipoteza theluthi mbili ya nguvu njiani, ni theluthi moja tu ya uniti. Nashangaa kuona pampu inawashwa saa moja jioni, watu wakirudi kazini, ikianza kuila betri kabla ya usiku wenyewe.

Halafu jikoni, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linavuta nguvu yote mwanzoni tu, mpaka presha ipande. Baada ya hapo linakata na kuwaka kwa vipindi vifupi. Maharage yaliyolowekwa usiku, ukiyabandika saa sita, saa saba yameiva. Jioni ni kuyaunga nazi tu. Mama aliyekuwa akikaa saa mbili mbele ya moshi hakai tena, na gunia la mkaa linachukua muda mrefu kuisha.

Jambo moja nalikataa kabisa: kutoa waya wa paneli na kuuingiza moja kwa moja kwenye heta ya maji ya kawaida. Themostati yake, swichi inayokata maji yakishapata moto, ni ya AC, umeme wa aina ya gridi. Ukiipa DC, umeme unaotoka kwenye paneli, cheche haikatiki inapofungua, ncha zake zinaungua na kugandana, na maji yanaendelea kuchemka ndani ya tangi lililofungwa. Pitisha kwenye inveta, inayogeuza DC kuwa AC, tena inveta inayoumudu mzigo huo.

Wingu likipita, mzigo unaiangukia betri, ndiyo maana kontrola nyingi nzuri zina rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, ya kuwashia na kuzimia mzigo wa ziada. Kwa lithiamu fuata asilimia ya chaji, kwa kuwa volti zake hazisogei sana: iwashe kwenye 98, ikate kwenye 90. Asiye na rilei aweke taima, saa tano na nusu hadi saa nane, na siku za masika aizime.

Wapo wanaohitaji betri zaidi kweli, taa zinawazimikia saa tisa usiku hata baada ya pampu na jiko kuhamia mchana. Hao waongezewe. Lakini mafundi wetu, kabla hamjamwandikia mteja betri ya pili, muulizeni anapika saa ngapi na pampu yake anaiwasha saa ngapi.