Yusufu, Nehemia na Swali la Bartimayo

Habari ya Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake akaja kuwa mkuu Misri chini ya Farao, tumezoea kuikatisha pale anapolia mbele ya ndugu zake. Wachache huendelea hadi Mwanzo 47, na huko ndiko kwenye mambo. Njaa ilipokaza, Wamisri walinunua nafaka kwa fedha. Fedha ikaisha, wakaleta mifugo. Mifugo nayo ikaisha, wakaja na kilichobaki: mashamba yao na miili yao. Yusufu akavipokea vyote kwa niaba ya Farao, akawapa mbegu, akaagiza sehemu moja ya tano ya mavuno iwe ya Farao. (Makuhani peke yao ndio ardhi yao haikuguswa. Watumishi wa madhabahuni wasome hapo polepole.)

Je, Mkristo ashike cheo na uwezo kama Yusufu? Wanaomtetea wana hoja nzito. Bila cheo chake watu wangekufa, na Wamisri wenyewe walikiri kwamba amewaokoa. Mkristo anayekwepa cheo, mali au elimu kwa kisingizio cha unyenyekevu huenda anaiachia njaa uwanja.

Upande wa pili wanakumbusha kwamba Yesu alizikataa falme za dunia kule jangwani, na umati ulipotaka kumtawaza kwa nguvu akajitenga mlimani. Nawaelewa, ila siwafuati hadi mwisho. Mwenye sauti inayosikika akinyamaza, kunyamaza kwake nako kunawaangukia wengine.

Kinachonisumbua ni hali ya aliyesaidiwa baada ya msaada. Wamisri walishiba, wakawa watumwa. Kitabu cha Kutoka kikianza, anainuka Farao asiyemjua Yusufu, anawatesa Waisraeli akiwa amekalia kiti ambacho Yusufu mwenyewe alikuwa amekinenepesha.

Nehemia alishika njia nyingine. Alikuwa liwali, yaani gavana, wa Yuda miaka 12 na hakula posho ya uliwali, ingawa mezani kwake walikaa watu 150. Maskini walipolia kwamba wameweka rehani mashamba yao, hata wana wao wanaingia utumwani, aliwakabili wakuu hadharani, na hakujificha: alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakiwakopesha. Kisha akawabana warudishe mashamba, mizabibu na nyumba, akawaapisha. Hayo nayo ni mabavu, tusidanganyane. Lakini mali ilirudi kwa wenyewe, haikuishia kwake.

Katika Marko 10 Yesu anauliza swali moja mara mbili. Kwanza kwa wanafunzi wake Yakobo na Yohana: mnataka niwafanyie nini? Wakaomba viti vya kulia na kushoto kwake. Halafu kwa Bartimayo, kipofu ambaye shida yake hata mtoto angeiona. Naye akaulizwa vilevile. Kati ya maswali hayo mawili ndipo yalipo maneno ya Mwana wa Adamu kuja kutumika, si kutumikiwa. Wengi wetu wenye uwezo kidogo tungemponya yule kipofu bila kumuuliza, tukampangia na pa kwenda. Yesu alimwambia aende zake. Bartimayo akaona, akachagua mwenyewe kumfuata njiani.