Miti ya bustani za Tanga: ilishwe majani au mizizi?

Mti wa bustani ukianza kugeuka manjano, watunzaji hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema jani nalo hula, basi lipuliziwe mbolea. Wengine wanashikilia kwamba mti hulishwa kwa mizizi, na kupulizia majani ni kumwaga fedha. Katika mji kama Tanga, ambao sehemu kubwa ya ukanda wake wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ubishi huu hauishi mpaka mtu aulize kwanza: ni kirutubisho gani kinachokosekana?

Jani lenyewe hutoa jibu. Manjano ikianzia kwenye majani ya zamani, yaliyo chini ya tawi, huenda mti una upungufu wa nitrojeni au magnesiamu. Mti huvihamisha virutubisho hivyo kutoka kwenye majani ya zamani kulisha machipukizi. Ikianzia kwenye majani machanga, vishipa vikabaki kijani, mshukiwa wa kwanza ni chuma, maana chuma kikishatua kwenye jani ni vigumu kuhama. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikipita 7.5 chuma hugeuka kama kutu: kipo udongoni, mzizi haukipati. Kumwagilia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba huohuo huzidisha tatizo.

Wapuliziaji wana hoja nzito. Jani limefunikwa utando wa nta, lakini utando huo una vipenyo vidogo mno vinavyopitisha chumvi iliyoyeyuka, mradi jani liwe bado na unyevu. Tone likikauka, mbolea hubaki juu kama vumbi. Hewa ya Tanga, yenye unyevu mwingi, huwapa nafasi nzuri hapa. Kazi ifanyike saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, bomba lielekezwe chini ya jani, kwenye vitundu vingi vya kupumulia. Majani machanga hupokea vizuri zaidi kwa sababu nta yao bado nyembamba. Salfeti ya chuma, yaani chumvi ya chuma inayoyeyuka majini, gramu 5 kwa lita moja, iyeyushwe kwenye maji ya mvua yenye ndimu kidogo. Kwenye maji ya kisima huweza kugeuka kahawia ndani ya bomba, na hapo haifai tena. Ukizidisha kipimo au ukipulizia jua kali, kingo za majani huungua.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu ndipo ubishi unapokatika. Tuseme mti mkubwa una kilo 50 za majani yakipimwa makavu. Nitrojeni ni kama asilimia 2, yaani kilo moja nzima. Bomba la lita 20 lenye urea ya gramu 5 kwa lita hubeba gramu 46 tu za nitrojeni. Hata jani likinywa yote, utarudia zaidi ya mara ishirini. Chuma ni habari nyingine: majani hayo yote yanahitaji takriban gramu 5, na bomba moja la salfeti ya chuma lina gramu 20. Kwa hiyo anayepulizia urea kwenye mwembe mkubwa anajichosha, na anayepulizia chuma anafanya jambo lenye maana, ingawa majani yatakayochipua baadaye yatatoka na manjano ileile.

Kuna pia suala la urefu na upepo. Bomba la mgongoni halifiki kilele cha mkungu (mti wa kivuli unaozaa kungu) uliokomaa, na upepo wa baharini hupeleka dawa kwenye mabenchi na nguo za watu. Kwa miche na miti michanga, pulizia. Kwa miti mikubwa, sioni sababu.

Upande wa mizizi nao usijisifu mno. Salfeti ya chuma ikimwagwa kwenye udongo wa chokaa hufungwa baada ya muda mfupi. Kinachostahimili ni chuma cha aina ya EDDHA, kilichoshikwa na kemikali inayokizuia kufungwa na chokaa, gramu 50 hadi 100 kwa mti wa wastani, kikichanganywa na maji na kufukiwa mara moja kwa sababu mwanga hukiharibu. Ni ghali. Tena ardhi iliyokanyagwa miaka mingi haipitishi maji wala hewa. Mizizi mingi inayonyonya iko ndani ya sentimita 30 za juu, na huenea kupita kivuli cha mti. Mbolea inayorundikwa shinani haiifikii. Toboa mashimo kwa mtaimbo kuzunguka ukingo wa kivuli, yajaze mboji, fanya hivyo kabla ya vuli au masika.

Kabla ya kununua chochote, jaribu tawi moja: lipake mchanganyiko wa chuma, lifunge uzi, lisubiri siku 10 hadi 14. Lisipobadilika, huenda chuma siyo tatizo.

Kinachoniuma zaidi ni ufagio. Mkungu hurudisha ndani sehemu kubwa ya nitrojeni kabla ya kuangusha jani jekundu, lakini iliyobaki, pamoja na madini mengine, hufagiliwa na kuchomwa. Majani hayo yakiachwa chini ya mti kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na shina, ardhi hulainika na mizizi hupanda juu kuyafuata.